Maoni Kuhusu Dakika ya Arobaini na Tatu

Kwa siku ya tisa mfululizo fundi alifunga cherehani saa kumi alasiri, akakunja sare za shule zilizokuwa bado hazijatiwa vifungo, akanawa uso, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mumewe ili amsomee watu walivyomtukana.

Wao wenyewe hawakuyaita matusi. Waliyaita maoni. Binti yao, mpimaji wa maabara katika hospitali ya mji wa jirani, ndiye aliyepiga simu akisema kwa furaha kwamba sinema ya baba iko mtandaoni. Mtu mmoja anayekusanya kanda za video za zamani aliiokota kwenye masanduku ya duka lililofungwa, akaisafisha alivyoweza, akaiweka watu waitazame bure. Watu elfu kumi na sita walikuwa wameshaitazama. Mumewe, ambaye presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya uwezo wa kuona huu mwaka wa tatu, aliuliza neno moja tu.

"Wanasemaje?"

Tangu siku hiyo fundi akawa msomaji.

Ilikuwa filamu ya wizi wa benki. Mzee aliitengeneza miaka arobaini na moja iliyopita, alipokuwa mpiga picha wa harusi mwenye kamera ya kuazima na waigizaji kumi na mmoja ambao hata mmoja hakulipwa. Benki yenyewe ilikuwa ofisi ya chama cha ushirika. Waliiazima kila Jumapili, wakabandika karatasi juu ya kibao cha mlangoni, na ikifika jioni wakaibandua. Aliiita *Kufuli Tatu*. Katika kuitengeneza alikuwa akipiga kelele "Kata!" kwa nguvu kiasi kwamba watoto wa mtaa walianza kumwita hivyo, na jina likamganda. Hadi leo ni Mzee Kata, ingawa baada ya filamu hiyo hakutengeneza nyingine. Alirudi kwenye harusi zake, akapiga picha za maharusi hadi macho yalipomgomea.

"Soma, Mama," alisema.

Fundi alisogeza miwani na kuiweka simu mbali kidogo na uso.

"Huyu anasema, 'Bastola ya jambazi ni ya ubao. Dakika ya kumi na mbili rangi imebanduka, unaona mbao kabisa.'"

"Ilikuwa ya mti mgumu. Seremala alikaa nayo siku mbili. Mwingine?"

"'Hilo gari la wezi halina injini. Tazama kioo cha nyuma, kuna mkono wa mtu anasukuma.'"

"Injini ilikuwepo!" Mzee alinyoosha mgongo. "Isiyokuwepo ni betri. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mjibu hivyo hivyo, kisha endelea."

"'Mlinzi amekufa lakini anajikuna pua. Mbavu sina.'"

"Kulikuwa na nzi," alisema Mzee kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Nzi alimtua puani. Wewe ungefanyaje? Andika. Andika hivi: Ndugu mtazamaji, nimeyapokea maoni yako kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo napenda ufahamu kwamba siku hiyo joto lilikuwa kali, madirisha ya ofisi yalikuwa wazi, na ndugu yule aliyeigiza mlinzi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuuza mkaa, alijitahidi kadiri ya uwezo wa binadamu..."

Aliendelea. Fundi alikuwa akibonyeza kwa kidole gumba, pole pole, na Mzee alisikia mlio mdogo wa herufi, tik, tik, akaridhika. Alipofika mwisho alisema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Tuma."

Akatuma. Alichokuwa ameandika ni: *Asante kwa maoni.*

Siku mbili za mwanzo aliandika kila neno. Lakini vidole vyake vilizoea sindano, havikuzoea kioo, na kila aya ya Mzee ilimla nusu saa. Shule ilikuwa inataka sare mia moja na arobaini kabla ya muhula kufunguliwa. Kiwiko kilimuuma, magoti yalimuuma, na jioni bado kulikuwa na kupika na kumwandalia Mzee maji ya kuoga. Siku ya tatu, katikati ya maelezo marefu kuhusu kivuli cha kipaza sauti kilichoonekana ukutani, mkono wake ulijiamulia wenyewe. Asante kwa maoni. Hakuona aibu. Alihisi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Ajabu ni kwamba watazamaji walipenda. Mtu aliandika kwamba huyu mzee ni mstaarabu sana, unamtukana na yeye anakushukuru. Mwingine akasema siku hizi hakuna tena watu wa namna hiyo. Baadhi ya waliokuja kucheka walianza kuuliza maswali kwa adabu. Fundi alimsomea Mzee hayo pia, naye akavimba kifua, akaamini kwamba maelezo yake kuhusu betri yalikuwa yameeleweka.

Kuna maoni ambayo fundi hakuyasoma.

Yalianza siku ya tano. Mtu asiyejulikana aliandika: "Dakika ya arobaini na tatu. Yule karani wa kaunta. Nimerudia mara nne." Chini yake watu walijipanga kama kwenye foleni ya maji. Mmoja alisema filamu nzima ni takataka isipokuwa dakika hizo mbili. Mwingine alisema yule dada alitakiwa kuwa nyota, alipotelea wapi? Mwingine akabisha kwamba hakuna mtu anayeweza kuigiza vile, yule mwanamke analia kweli, kuna kitu kilimpata. Wakaanza kuvutana. Wengine walipima kwa saa: dakika mbili na sekunde kumi na nne bila kukatwa.

Kila alipofika hapo fundi alinyamaza.

"Mbona kimya?" Mzee angeuliza.

"Mtandao umekata."

"Mtandao gani huu unakata kila siku mahali pale pale?"

"Ndivyo ulivyo," angejibu, na angeinuka kwenda kutazama jiko.

Jumamosi binti alikuja. Alikuwa amepata mapumziko ya siku tatu na alifika na macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu, lakini alipomwona mama yake ameshika simu huku mkono mwingine unasugua kiwiko, alimnyang'anya.

"Leo pumzika, Mama. Nitasoma mimi."

Fundi alitaka kukataa, ila mwili ulikubali kabla ya mdomo. Aliegemeza kichwa ukutani.

"Kabla ya kusoma mapya," alisema Mzee, "nisomee nilivyomjibu yule wa betri. Nilimjibu vizuri sana yule. Nataka nisikie tena."

Binti alitafuta kwa kidole. "Hapa umeandika, 'Asante kwa maoni.'"

"Huyo si yeye. Wa betri."

"Ndiye huyu, Baba. Wa mkono kwenye kioo."

"Na yule wa nzi?"

"'Asante kwa maoni.'"

"Wa kivuli ukutani? Wa sigara inayorefuka? Yule aliyesema noti ni magazeti?"

Binti alipandisha, akashusha. Alimtazama mama yake, akaanza kuelewa, akatamani angekuwa bado barabarani. "Wote, Baba. 'Asante kwa maoni.'"

Mzee aligeuza uso kuelekea ukuta aliodhani mkewe ameegemea, na hakukosea.

"Umenifanya mjinga mbele za watu elfu kumi na sita."

"Wanakusifu," alisema fundi bila kufumbua macho. "Wanasema una adabu."

"Siyo mimi wanayemsifu! Nimekaa hapa siku tisa, nakuambia mambo ya maana, wewe unabonyeza bonyeza tu kunidanganya kama mtoto?"

"Nimeshona sketi kumi na mbili leo. Jana kumi na nne. Nzi wa miaka arobaini na moja sina nguvu naye."

Binti hakuzoea kuwasikia wazazi wake wakirushiana maneno, maana walikuwa watu wa kumeza. Akatafuta haraka kitu cha kupoza, akakiona.

"Lakini Baba, sikiliza hii. Hii ni nzuri. 'Dakika ya arobaini na tatu. Yule karani wa kaunta. Nimerudia mara nne.' Na hapa chini: 'Huyu dada ndiye mwigizaji pekee humu.' 'Aliyemwongoza huyu dada alijua kazi yake.' Wako wengi, Baba, zaidi ya mia. Ngoja niifungue hiyo dakika. Mama, ni wewe! Mbona hamkuwahi kuniambia?"

Uso wa Mzee ulifunguka. Hasira ilimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Si nilisema? Si nilisema siku zote? Andika, mwanangu, wewe hutanidanganya. Andika: Mimi mwenyewe ndiye niliyemwelekeza yule mwigizaji kwa muda wa saa nzima, hatua kwa hatua, jinsi ya..."

"Hukunielekeza hata dakika moja."

Fundi alikuwa amefumbua macho. Hakupaza sauti. Alikaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Uliniambia nisimame nyuma ya kaunta, jambazi akisema toa vyote ulivyonavyo niinue mikono juu. Basi. Mambo ya kulia hayakuwemo kwenye karatasi yako."

"Mama, mtoto yupo hapa."

"Ana miaka thelathini na minane. Asikie."

Binti alijua kwamba kulikuwa na mtoto mwingine kabla yake. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba nyumba yao zamani ilikuwa na rangi nyingine. Hakuna aliyewahi kumweleza zaidi.

"Alikuwa na miezi minne," fundi alimwambia. "Homa ilimshika Jumanne usiku. Alhamisi tukamzika, sisi na majirani wawili tu. Meneja wa ushirika alikuwa ametupa Jumapili ile tu, ndiyo ya mwisho, na watu kumi na mmoja walikuwa wanasubiri kuimaliza hiyo sinema. Baba yako aliniuliza kama nitaweza. Nilisema nitaweza. Hilo sikatai. Nilikwenda kusimama pale kifua kimefungwa kwa kitambaa chini ya blauzi, kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka. Halafu yule mtu akaja mbele yangu na ile bastola yake ya ubao, akasema toa vyote ulivyonavyo."

Alimgeukia mumewe.

"Nakuuliza, Mzee. Sijawahi kukuuliza. Wewe ulikuwa unakata kila kitu. Mtu akipiga chafya, kata. Wingu likipita, kata. Siku ile nililia mpaka nikashika kaunta nisianguke. Mbona hukukata?"

"Mkanda ulikuwa ghali, ukikata na kuanza upya..."

"Mzee."

"Niliogopa. Nilidhani nikisema neno, na mimi ningelia mbele ya wale watu, na kazi ingeishia pale."

"Mzee."

Mzee alikuwa na desturi ya kugusa kope zake anapofikiri, kama mtu anayehakikisha kwamba bado zipo. Alizigusa sasa. Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati. Kelele ilipokwisha ndipo aliposema.

"Kwa sababu ilikuwa nzuri."

Binti aliweka simu chini.

"Nilikuwa naangalia kwenye kamera nikaona ni nzuri," alisema Mzee. "Nilijua ni wewe. Nilijua unamlilia nani. Na bado nikaona ni nzuri, nikasema usiguse, usiongee, acha iende. Nilisubiri mkanda uishe wenyewe. Ulipoisha ndipo nilipokuja."

Fundi alikuwa amelingoja jibu hilo kwa miaka mingi na kujiandaa kwa hasira ambayo ingekuja nalo. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu mkubwa zaidi ya ule wa sare, ulioanzia kwenye nyayo ukapanda hadi mabegani. Ndani yake kulikuwa na unafuu mdogo, maana jambo alilokuwa analijua peke yake sasa lilikuwa limesemwa na mwenyewe.

"Na picha hatuna," alisema. "Mpiga picha mzima. Miezi minne. Hatuna hata moja."

"Nilikuwa nautunza mkanda kwa ajili ya filamu."

"Najua."

Mzee alianza kulia, kwa shida, kwa macho yale yasiyofanya kazi nyingine tena. "Mwandikie mwenye nayo aifute," alimwambia binti yake. "Leo hii. Mwambie mimi ndiye niliyeitengeneza na sitaki iwepo."

Binti alichukua simu. Fundi alimshika mkono.

"Hapana. Iache."

"Mama, watu wanaitazama kwa..."

"Wacha watazame. Wiki ile haipo mahali pengine popote. Ipo kichwani kwangu na ipo pale." Akanyoosha mkono. "Nipe nami niandike."

Alijifungia chumbani na simu, akakaa nayo zaidi ya saa nzima. Aliandika kwa kidole gumba, akifuta, akianza tena. Alichotuma hakikuwa kirefu: "Mimi ndiye karani wa dakika ya arobaini na tatu. Siku hiyo sikuigiza. Siku tatu kabla tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza. Waliosema nilikuwa nalia kweli wamesema kweli. Nilikuwa fundi cherehani na bado ni fundi cherehani. Ndiko nilikopotelea."

Kesho yake asubuhi, Jumapili, binti alimsomea majibu mama yake aliyekuwa anamenya viazi. Yalikuwa mia tatu na kitu. Wengi walisema pole, na pole nyingine zilitoka kwa watu waliozika pia, ambao walitaja umri: miezi miwili, miaka sita, siku moja. Yule wa bastola ya ubao aliomba radhi ingawa hakuwa na kosa lolote. Wako waliosema hawataitazama tena, na wako waliosema wataitazama upya. Mmoja aliandika kwamba huyu mama ni mwongo, anatafuta umaarufu uzeeni, watu msimwamini.

Binti alichukia. "Huyu nimjibu nini?"

"Asante kwa maoni," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake akacheka kidogo, hadi kisu kikamteleza mkononi.

Mzee hakuomba kusomewa siku hiyo, wala Jumatatu, binti alipoondoka kurudi kazini. Alikaa kwenye kiti chake. Fundi alimpa chai, akamwandalia maji, akarudi kwenye cherehani. Hawakuwa wamegombana, wala hawakuwa wamepatana. Walikuwa kama watu wawili waliohamisha kabati zito, sasa kila mmoja amekaa upande wake anapumua.

Jumanne asubuhi simu iliita, namba ngeni.

"Shemeji?" Ilikuwa sauti ya kizee, yenye mikwaruzo.

"Ni nani mwenzangu?"

"Mwenye ile video ndiye aliyenipa namba, aliiomba kwa binti yako. Shemeji, mimi ni fundi bomba. Mimi ndiye niliyekushikia bastola."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Alimkumbuka, kijana mrefu mwenye kucheka ovyo, aliyehama mji mara tu filamu ilipokwisha.

"Mjukuu wangu amenisomea ulichoandika," alisema mtu yule. "Nimeshindwa kula. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nimemtisha mwanamke wa watu mpaka ameishiwa nguvu. Nilidhani ni mimi. Miaka yote hii nilidhani ni mimi niliyekutisha."

"Hukujua?"

"Nani angetuambia? Bwana wako alisema una homa. Sisi tukasema basi, ana homa. Tukala, tukaondoka. Laiti ningejua ningeitupa ile bastola pale pale."

"Hukunitisha," alisema fundi. "Ulisema maneno uliyoandikiwa tu."

"Pole sana, shemeji. Pole imechelewa, lakini pole."

"Imefika."

Mzee, kwenye kiti chake, alikuwa ameinua kichwa kwa namna wasioona wanavyofanya wanaposikiliza kwa mwili wote.

"Mtoto alikuwa anaitwa nani?" aliuliza fundi bomba.

Fundi alisogeza kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. Halafu akalitaja jina. Halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile kwa miaka arobaini na moja, na lilipotoka lilikuwa jina la kawaida tu, fupi, kama la mtu anayeitwa aje kula. Fundi bomba alilirudia kwa heshima. Upande wa pili wa chumba, Mzee naye alilirudia.

Simu ilipokatwa fundi hakurudisha mguu kwenye pedali.

"Alikuwa na alama hapa," alisema Mzee, akigusa nyuma ya sikio lake la kushoto. "Nyeusi. Kama kichwa cha kiberiti."

Fundi alimgeukia. Hakuwa anajua kwamba Mzee aliiona.

"Sikio la kulia," alisema.

"La kushoto, Mama. Ulikuwa unamnyonyesha umempakata hivi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni."

"La kulia. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha."

Walibishana, bila ukali, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. Alionyesha yeye, akaonyesha mwenzake, wakageuza mikono wakimpakata mtoto asiyekuwepo ili wajue sikio lipi lilikuwa juu. Mwisho wote wawili hawakuwa na uhakika. Fundi alisema anakwenda kujilaza dakika tano.

Alilala kwa muda wa saa sita. Mchana mwanamke mmoja alikuja na gauni lililoharibika zipu, akagonga mlango, akaita hodi mara tatu. Mzee alijikokota akipapasa ukuta hadi mlangoni, akaufungua kiasi cha kutoa uso.

"Fundi amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo kesho."

"Gauni ni la leo, Mzee. Mwamshe tu kidogo."

"Njoo kesho," alisema tena, akaufunga mlango taratibu ili komeo lisipige kelele.